Vitabu vya mazingira na uchumi: nilivyovielewa baada ya kuuza kangomba

Ndugu mleta uzi, umeomba vitabu visivyo hadithi vya kuanzia kuhusu mazingira na ukuaji wa uchumi, na umesema kila ukifungua kimoja takwimu zinakuchosha kabla hujafika katikati. Nakuelewa. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na vitabu vitano vya aina hiyo vimenichukua karibu miaka sita, kamusi ikiwa pembeni.

Nilianza na "The Limits to Growth" cha mwaka 1972, cha Donella Meadows na wenzake watatu. Waliingiza kwenye kompyuta mambo matano (idadi ya watu, chakula, viwanda, uchafuzi na mali asili isiyorejea), wakatazama yanavyovutana hadi mwaka 2100. Humo kuna kitendawili cha yungiyungi la bwawani. Kila siku linaongezeka maradufu, na siku ya 30 litafunika bwawa lote. Je, litafunika nusu siku gani? Siku ya 29. Kitendawili nilikielewa, ila hakikuniuma. Kilichoniuma ni kangomba.

Kwa wasio wa Kusini: kangomba ni kuuza korosho nje ya utaratibu, mara nyingi kabla hazijavunwa, kwa bei ya mwenye shida. Mwaka mmoja mwezi wa Juni ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ulikuwa umeshaanza kushika maua na sikuwa na hela ya salfa, dawa ya kuuzuia. Mtu mmoja akanipa pesa taslimu, tukakubaliana nimlipe korosho msimu ukifika. Kipimo kilikuwa bakuli lake la plastiki. Novemba akaja nalo barazani. Analijaza mpaka linafanya kichuguu, analitikisa, korosho zinashuka, anaongeza nyingine juu. Mke wangu alikuwa anaweka korosho moja kwenye ungo kila bakuli lilipomwagwa, ili tusipoteze hesabu. Yule mtu alipoondoka tulibaki na gunia lisilojaa. Lakini ungenikuta Juni ungesema huyu ana nafuu kuliko jirani zake, maana hela nilikuwa nayo mfukoni.

Usiku ule ndipo nilipoelewa wale watu wa 1972 walikuwa wanasema nini. Unaweza kuishi vizuri kwa muda mrefu kwa kula cha msimu ujao, na hesabu ya mapato ya leo isionyeshe kitu. Wengi wanakibeza kitabu kile wakidai kilitabiri mwisho wa dunia na haukutokea. Hakikutabiri hivyo. Kilionyesha njia kadhaa, na nyingine zinaishia pazuri iwapo watu watajizuia mapema.

Tangu hapo kila kitabu nakisoma kwa swali moja: hela inayotajwa hapa imetoka kwenye mavuno au ni kangomba? Chukua pato la taifa. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kulipima Marekani, aliwaonya wabunge wao mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hausomeki kwenye tarakimu hiyo. Msitu ukikatwa wote ukachomwa mkaa, mkaa unaingia kwenye mapato, lakini msitu hautolewi popote.

Ila usisome upande mmoja, nakusihi. Ukuaji tunauhitaji. Wanawake wa uwanda huu wa Makonde wameshuka bondeni kuchota maji vizazi na vizazi, na bomba halijengwi kwa maneno. Na korosho zenyewe zinafundisha: msimu wa 1973/74 nchi iliuza tani zipatazo 145,000, na kufikia mwaka 1990 hazikuzidi 20,000. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vipya wakaiacha mikorosho mbali, bei ikawavunja moyo, na ubwiri unga ukamalizia. Salfa ilisaidia sana kutuinua tena, nami naipuliza kila mwaka, lakini inaongeza tindikali kwenye udongo. Sasa niambie hiyo ni mavuno au kangomba? Bado naitafutia jibu kwenye shamba aliloniachia mjomba wangu, na mwandishi anayeniambia jibu ni rahisi namwekea alama ya kuuliza.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni "Governing the Commons" cha Elinor Ostrom, 1990. Ndiye mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Wakati wengine wanasema mali ya wote lazima iharibiwe, yeye alikusanya mifano ya watu wenyewe wanavyoitunza. Wavuvi wa Alanya, Uturuki, walikuwa wakipiga kura ya bahati nasibu nani aanze kwenye sehemu gani, kisha kila siku kila mmoja anahamia sehemu inayofuata, hivyo kila mtu anapata zamu yake penye samaki wengi. Nilikisoma nikifikiria mabomu ya kuvulia samaki yaliyovunja matumbawe kwenye pwani yetu ya Mtwara. Nikafikiria pia Kikole kule Kilwa, wanakijiji walioutunza msitu wao wa mpingo mpaka ukapata cheti cha kimataifa mwaka 2009, wakauza magogo kwa mpango wao wenyewe.

Cha tatu kitafute kwa sababu kinatuhusu moja kwa moja: "The Groundnut Affair" cha Alan Wood, aliyefanya kazi kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza. Walianza 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakipanga ekari zaidi ya milioni tatu kabla ya kupima mvua na udongo ipasavyo. Mwaka 1951 waliuacha, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda. Reli waliyoijenga ya Nachingwea ilishang'olewa. Bandari ya Mtwara, waliyoijenga kwa ajili ya karanga hizo, bado tunayo.

Anza na Ostrom, ndiye mwepesi zaidi, halafu Wood, halafu Meadows. Sura moja kwa wiki inatosha. Ukikwama kwenye ule ukuaji wa maradufu uliza hapahapa, nitakuwekea hesabu ya bakuli zile, maana mke wangu aliiandika kwenye kaunta buku na tunayo mpaka leo.