Lupanga na mtoto wa miaka 7 kwenda na kurudi siku moja: weka saa ya kugeuka kabla hujakata tiketi

Mkuu, Lupanga, kile kilele cha Milima ya Uluguru juu ya mji wa Morogoro, hapana. Si kwa binti wa miaka 7, na si kwa ratiba hiyo ya treni ya SGR ya alfajiri kutoka Dar na kurudi jioni ileile. Umeuliza treni ipi inafaa, viingilio ni kiasi gani, wapi kuna picha nzuri, na kama mtafika kileleni mkiwa na mwongozaji. Nitajibu hilo la mwisho kwa sababu ndilo litakalokulaza msituni. Kosa unalotaka kulifanya nimelifanya mimi na mwanangu, juu ya mlima huohuo, na tulishuka gizani kwa mwanga wa simu yenye chaji asilimia 9.

Anza na hesabu. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Lupanga inazidi mita 2,100. Hata bajaji ikikusogeza mpaka nyumba za mwisho, bado una karibu mita 1,500 za kupanda kwa miguu. Wapanda milima wana kanuni ya zamani, ya Mskoti mmoja aitwaye Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kupanda peke yake ni masaa mawili na nusu, na bado hujahesabu umbali wa njia wala kupumzika. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye pumzi, kwenye njia kavu. Lupanga njia yake ni udongo mwekundu na mizizi, na huko juu kuna mahali unashika mizizi kwa mikono. Mtoto wa miaka 7 mpe mara mbili ya muda huo, kwa sababu ataomba kukojoa, atataka kumwangalia kinyonga, atakaa chini kwa hasira, kisha atainuka na kukimbia dakika tano mpaka aishiwe nguvu.

Sasa weka kwenye saa. Treni ikikushusha stesheni ya Kihonda, Morogoro, saa 2 asubuhi, ukapata bajaji, ukapitia ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kulipia (huo msitu ni hifadhi ya mazingira asilia, hauingii kienyeji), ukampata mwongozaji na kununua maji, mguu wa kwanza unauweka mlimani saa 3 au saa 3 na nusu. Ongeza masaa 7. Uko kileleni saa 10 jioni, na mara nyingi kilichopo kileleni ni ukungu na miti. Mwezi wa Juni jua la Morogoro linazama kama saa 12 na dakika 20, na ukanda wetu hauna jioni ndefu. Likishazama, ndani ya dakika ishirini na kitu ni giza tupu. Chini ya miti minene giza halisubiri hata jua lizame.

Hapo ndipo ninapokasirikia watu. Kuna wanaouza safari hizi kwa picha za kileleni na maneno "masaa matatu tu, hata watoto wanapanda". Watoto gani? Mtoto wa Kiluguru aliyezaliwa kwenye mteremko huo anabeba mkungu wa ndizi huku amevaa yeboyebo na anakupita ukihema. Huyo si kipimo cha mtoto wa Sinza anayepanda ngazi za ghorofa mbili. Aliyeniambia masaa matatu alikuwa anajua ananiambia muda wake yeye, bila mzigo, bila mtoto. Na hakusema neno moja kuhusu kushuka. Hakuna anayekuambia kuhusu kushuka! Ukiuliza wanajibu, "kushuka ni rahisi, ni kuteleza tu." Ndiyo, ni kuteleza, hilo ni kweli kabisa.

Kushuka ndiko kunakommaliza mtoto, na sababu zake ni hizi. Ukipanda, misuli ya mapaja inasukuma. Ukishuka, misuli hiyohiyo inafunga breki kila hatua huku imevutwa, na kazi hiyo inaichosha kwa namna ambayo mtoto hajaizoea. Kidaraja ambacho wewe unakishuka kwa hatua moja, kwake kinafika gotini, kwa hiyo anakaa, anageuka, anashuka kwa makalio, anasimama, anaanza upya. Zidisha kwa mamia ya vidaraja. Kidole gumba kinagonga mbele ya kiatu mpaka kucha inauma, na kucha ikishauma anaanza kukanyaga kwa upande, ndipo kifundo kinapinda. Tena akiangalia chini anaona bonde, jambo ambalo wakati wa kupanda lilikuwa mgongoni mwake, na hofu inamgandisha miguu. Mtu mzima hushuka kwa muda mfupi kuliko aliopanda. Mtoto mdogo mpe muda uleule, na ukipungua ushukuru.

Usijidanganye kwamba utambeba. Mtoto wa miaka 7 ana kilo 20 na zaidi, yaani ndoo kubwa ya maji iliyojaa. Ibebe ndoo hiyo mgongoni kwenye tope la kuteleza, ndoo yenyewe inalia, imekushika shingo, na wewe huoni miguu yako inakanyaga wapi. Ukianguka mnaanguka wote wawili. Kanga ya kumfunga mgongoni inasaidia kwa mita mia mbili za njia nzuri. Kwa mteremko wa masaa matatu haisaidii.

Halafu baridi. Watu wa Dar hatuiamini mpaka itukute. Kila mita 1,000 ukipanda joto linapungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo kutoka mjini hadi huko juu umepoteza karibu nyuzi 10, na Juni ni kipupwe tayari. Uluguru inakaa mbele ya pepo za Bahari ya Hindi. Unyevu unapanda mlima na kugeuka wingu, na mchana ukisogea wingu hilo linakufunika hata kama asubuhi ulipiga picha za anga la buluu. Mtoto amepanda, fulana ya pamba imelowa jasho, ukungu unaiongezea maji, upepo wa mgongoni mwa mlima unapita. Mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko wako. Kutetemeka ni dalili ya mapema, lakini usiitazame hiyo peke yake. Tazama na ukimya. Yule aliyekuuliza maswali mia tangu Kihonda ananyamaza, anajikwaa kwenye vitu vidogo, anasema hataki kula. Hapo usisubiri atetemeke. Mvue fulana iliyolowa, mvalishe kavu, kofia, sweta, koti la mvua juu, kitu kitamu mdomoni, na mnashuka.

Sasa kanuni yenyewe, na ukisahau yote mengine shika hii: unageuka kwa saa, si kwa kilele. Saa hiyo unaipanga nyumbani, kwa kuhesabu kinyumenyume kutoka treni ya kurudi. Tuseme tiketi yako ni ya saa 11 jioni. Toa saa moja ya kuwahi stesheni, kwa sababu kuna ukaguzi na treni ile haimngoji mtu kama basi la Msamvu: saa 10. Toa nusu saa ya bajaji na foleni: saa 9 na nusu. Toa nusu saa ya kuosha miguu, kula na kubadilisha nguo: saa 9. Sasa toa muda wa kushuka, ambao ni sawa na muda mliopanda. Mlianza saa 3, kwa hiyo kati ya saa 3 na saa 9 kuna masaa 6, nusu yake ni saa 6 kamili mchana. Saa 6 mnageuka. Mkiwa mmechelewa kuanza, mfano saa 4, kati yake na saa 9 kuna masaa matano, mnageuka saa 6 na nusu na mmepanda masaa mawili na nusu tu. Ukichelewa saa moja asubuhi, kupanda kunapungua nusu saa na kushuka nusu saa; saa 9 haisogei.

Mwongozaji atakuambia "bado kidogo tu". Atalisema kwa nia njema, ana uzoefu wa miguu yake. Mwambie saa ya kugeuka kabla hamjakubaliana bei, na mwambie malipo ni yaleyale mkifika au msifike. Ukiacha malipo yategemee kilele, umemlipa akuvute juu. Kosa hili lilinigharimu kuliko viatu vibovu, kuliko chakula, kuliko kitu chochote.

Kabla wadau hamjaja kuniita mwoga wa milima: Lupanga ni nzuri, ipandeni mkiwa watu wazima, mlale Morogoro usiku wa kabla, muanze saa 12 asubuhi. Sina ugomvi na mlima.

Kwa mtoto nenda Morningside. Ni jengo la enzi za Wajerumani, takriban mita 1,300, na njia inapita kwenye makazi na mashamba ya ngazi ya Waluguru, kwa hiyo kila wakati kuna mtu wa kumuuliza, kuna nyumba ya kujikinga mvua, na mji unaonekana wote chini. Njia ni pana vya kutosha mtoto kutembea ubavuni mwako. Gari la fowili linafika kukiwa kukavu. Bodaboda pia wanapanda, ila usikubali mishkaki na mtoto katikati kwenye mteremko ule, hata kama wanasema wanafanya kila siku. Kama una nafasi ya gari, panda nalo mpaka hapo, kisha tembeeni saa moja kuelekea ukingo wa msitu na saa moja kurudi. Msituni mwonyeshe vinyonga na vijito, mwambie maji haya yanaingia Mto Ruvu na ndiyo yanayotoka bombani Dar. Atalikumbuka hilo kuliko kilele chenye ukungu. Angalieni siafu njiani, hasa penye unyevu. Suruali iingie ndani ya soksi na msisimame kupumzika kabla ya kutazama chini.

Mzigo wake ubebe wewe. Maji: mililita 150 kila nusu saa, kwa masaa 6 inakaribia lita 2 za mtoto peke yake, na zako lita 3. Usimngoje aseme ana kiu. Pakiti moja ya ORS ya kuchanganya na lita moja. Chakula kidogokidogo kila saa: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, karanga, chapati. Soda na krispi ziache zimngoje stesheni. Fulana mbili kavu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, sweta, soksi za kubadilisha, lile koti la mvua la plastiki. Tochi ya kichwani, na betri zake uzijaribu nyumbani. Filimbi shingoni mwake, umfundishe kupuliza mara tatu asipokuona.

Viatu: raba zenye meno chini. Zile za shule zilizosagika usizilete. Akivaa na soksi, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kisha kidole chako kimoja kiingie nyuma ya kisigino. Kisipoingia, kucha zitaumia wakati wa kushuka. Mkate kucha siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Viatu vipya avivae wiki nzima kwanza akienda dukani na kuchezea.

Na binti mwambie tangu leo kwamba mnatembea mpaka kengele ilie saa 6, kisha mnakula na kurudi. Usimtajie kilele kabisa. Mtoto aliyeahidiwa kilele atalia ukimgeuza, na kilio chake ndicho kitakachokufanya useme "basi, nusu saa nyingine". Mpe simu aiweke kengele mwenyewe. Ikilia, atakuwa yeye anayekukumbusha.