Muulize Wakili: Lori la Shemeji na Nyumba ya Kisauni

SWALI: Salaam wakili. Shemeji yangu alifungua kampuni ya kubeba makasha kutoka bandarini, akaniandikisha mkurugenzi wa pili "ili karatasi zikae sawa". Sijala hata shilingi. Sasa madereva wanadai mishahara ya miezi mitatu, sheli ya Changamwe imekataa kutukopesha dizeli, na benki inapiga simu kila asubuhi. Shemeji anataka tumuuzie binamu yake lori kwa laki tatu, nalo halipungui milioni mbili, kisha tufunge ofisi. Ati deni ni la kampuni. Je, nyumba yangu iko salama?
Mama wa wawili, Kisauni

JIBU: Mama, shemeji yako amekwambia nusu. Kweli kisheria kampuni ni mtu peke yake, na ikifilisika wadai hawaji kubisha kwa mkurugenzi hivi hivi tu. Lakini tafuta karatasi za mkopo, ufunue zile za nyuma kabisa. Benki hupenda wakurugenzi watie sahihi dhamana ya binafsi, na wengi huitia wima kaunta, kwa kalamu ya kuazima, bila kusoma. Jina lako likiwamo, deni hilo ni lako, kampuni ife isife. Hata hivyo dhamana peke yake haiwapi nyumba. Itawabidi wakushtaki wapate hukumu. Kama hati iliwekwa rehani, hiyo ni habari nyingine, na swali langu la kwanza litakuwa kama mumeo aliridhia, maana nyumba ya ndoa hairehaniwi na mmoja.

Lori usiliuze. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 inamruhusu mfilisi, yule anayekusanya mali ya kampuni iliyofilisika awalipe wadai, kuiomba mahakama itengue mauzo ya bei ya kutupa, na akiona mnunuzi ni jamaa ndipo macho yanamtoka. Ikibainika mlikusudia kuwapunja wadai, mtaamriwa mchangie madeni kutoka mifukoni mwenu, na jinai iko pale pale.

Hata bila hila, tangu siku mliyojua, au mliyopaswa kujua, kwamba kampuni haiponi, deni jipya mnaloongeza laweza kuwarudia wenyewe. "Mimi sikushughulika" haikusaidii. Unapimwa kwa yale ambayo mkurugenzi makini angeyajua. Mteja wangu mmoja alijitetea hivyo hivyo, kumbe hundi zote alizitia sahihi yeye.

Kujiuzulu leo hakufuti ya jana. Itisha kikao wiki hii, muhtasari uandike kwamba ulipinga kuuza lori. Msipokee malipo ya safari msizoweza kuzifanya. Kisha muoneni mtaalamu wa ufilisi aliyeidhinishwa. Pengine kampuni itawekewa msimamizi, wadai wazuiwe kwa muda, lori liendelee kuingiza. Isipowezekana, mishahara ya madereva hutangulia deni la sheli, ingawa ina kikomo.

Shemeji mwambie ni mimi niliyekataza, asije akakununia wewe.