Watoto Tisa, Walio Hai Watano

Binti yetu alipopewa kazi ya shule ya kuchora nasaba, upande wangu wa Tanga tuliumaliza jioni moja kwa simu ya bibi. Upande wa baba yake, Mmarekani wa Minnesota, tulikwama kwa babu aliyehamia huko kutoka Sweden miaka ya 1860. Imenichukua miaka miwili kumfahamu.

Kosa langu la kwanza ni kulifukuzia jina lake la ukoo, Johnson. Wanavijiji wengi wa Sweden wakati ule waliitwa kwa jina la baba, kama kwetu Hamisi Ali anavyomzaa Juma Hamisi. Mtoto wa kiume wa Johan ni Johansson, naye Johan mwenyewe huenda ni Andersson. Marekani likageuka Johnson. Kwa hiyo mtafute mtu kwa umri wake, mkewe, watoto na majirani.

Anza na wazee walio hai, halafu rudi nyuma na sensa za Marekani, miaka kumi kumi. Nyingi utazisoma bure kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru (asiye mtumwa) kwa jina. Kabla yake walitaja mkuu wa kaya tu.

Na ukishamwona mtu wako, usifunge ukurasa. Soma safu zote. Sensa ya 1900 iliwauliza akina mama wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Kwa mke wa babu huyu karani ameandika 9, kisha 5. Ukoo mzima ulikuwa unawajua sita. Niliitazama ile tisa nikashindwa kulala.

Watatu hao tusiowajua walizaliwa baada ya sensa ya 1880 na kufariki kabla ya 1900. Ya 1890, ambayo ingewataja, karibu yote ilipotea kutokana na moto wa Washington wa Januari 1921. Lakini Minnesota ilikuwa na sensa zake yenyewe, 1885 na 1895. Wawili niliwakuta katika ya 1885. Wa tatu yumo kwenye kitabu cha ubatizo cha kanisa la Kilutheri. Alizikwa siku kumi na moja baada ya kubatizwa.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akiishi na kulima hapo miaka 5. Hati yenyewe utaiona bure kwenye tovuti ya Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya umma ya Marekani, ila haina mengi. Agiza jalada zima National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa la Marekani. Letu lina nyumba ya magogo, futi 14 kwa 16, mlango mmoja, madirisha mawili. Lina karatasi za uraia, na viapo vya majirani wawili. Jirani mmoja alikuwa kaka wa mke, na kwa kumfuata yeye tukaijua parokia yao Sweden.

Ardhi hiyo ilikuwa ya Wadakota, wenyeji wa asili wa huko. Waliitoa kwa mikataba ya 1851 wakibanwa, na baada ya vita vyao na Marekani vya 1862 wengi wakafukuzwa Minnesota. Nimehakikisha binti yangu ameliandika na hilo.

Mama mkwe ana miaka 81. Aliniomba nimsomee yale majina matatu kwa simu, polepole, ayaandike kwenye Biblia ya familia.