Jibu: Mzee hakuwa na kikohozi, nimonia imetoka wapi?

Pole sana, dada. Mzee alilazwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) hapa Kisumu kwa kiharusi, kwa hiyo usidhani nimonia alitoka nayo nyumbani. Mimi ni muuguzi. Nimonia ikianza saa 48 au zaidi baada ya kuwekwa mpira wa kupumulia, mara nyingi huhusishwa na mashine ya kupumulia. Mate yenye bakteria hukusanyika juu ya kiputo cha hewa kinachozunguka mpira huo na kuziba koo la hewa, yakapenya tone kwa tone hadi mapafuni. Kwenye mpira wenyewe bakteria hujijengea utando telezi. Bakteria wasumbufu ni Klebsiella, Pseudomonas na Acinetobacter. Huyu wa mwisho ni sugu balaa, huishi siku nyingi hata kwenye reli ya kitanda. Uliza kama makohozi yameoteshwa maabara ili kujua ni bakteria gani. Ukienda kumwona, nawa mikono kwanza.