Jiki haifanyi kitu kwenye wino wangu, tatizo nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilitaka kuchora mti usiku, nikapaka karatasi nzima wino mweusi, ukakauka vizuri, afu nikachovya brashi kwenye jiki nichore matawi meupe. Wapi! Karatasi imelowa tu na brashi yangu ya manyoya imenyonyoka. Rafiki yangu kafanya hivohivo yake ikatoka dhahabu, nzuri balaa. Halafu kuna mtu kaniambia nikimaliza nipake siki ili jiki iache kula karatasi, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la siki maana halisubiri: USIPAKE. Jiki ikikutana na siki au asidi yoyote inatoa gesi ya klorini, inachoma macho, koo mpaka mapafu. Na vitu vyenye amonia usivisogeze kabisa. Fungua madirisha, vaa glovu, na usiipulizie kwa chupa ya spreyi, utavuta ule mvuke bure.

Haya, wino. Wako nadhani ni ule wa masizi, wanaouita wino wa India. Weusi wake ni kaboni na jiki kwa kaboni haina ubavu, utasugua mpaka karatasi itoboke. Wa rafiki yako bila shaka ni wa kalamu za wino, ambao rangi yake imeyeyuka kwenye maji, jiki inazivunja molekuli za rangi na weusi unapotea. Na utamu uko hapa sasa, mweusi wa aina hiyo mara nyingi ni rangi kadhaa zimechanganywa, zingine zinakufa haraka zingine zinagoma, kwa hiyo ukipaka Quink nyeusi (wino wa kalamu wa Parker) kile kinachogoma ndo hiyo dhahabu uliyoiona. Mimi mara ya kwanza nilijua nimeharibu kazi, nikaiacha mezani kwa hasira, kurudi nakuta tawi limewaka kama kaa la moto.

Kila wino una tabia yake, jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi. Anza na jiki nusu maji nusu, weka mstari mmoja, subiri, maana inaendelea kung'arisha ikiwa bado mbichi na ukiwa na papara utajaza jiki kupita kiasi.

Brashi ya manyoya sahau, manyoya ni protini na jiki inayayeyusha. Chukua ya nailoni iliyochoka, au njiti ya kiberiti, au zile pamba za masikio (mimi nazipenda kwa nyota). Nibu ya chuma inatumika ila isuuze hapohapo isipate kutu.

Karatasi iwe nene, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Ukimaliza gusagusa na sponji yenye maji safi, kausha kwa tishu, rudia. Hata hivyo jiki inadhoofisha karatasi na wino wenyewe unapauka kwenye mwanga, kwa hiyo ipige picha au iskani mapema kabla hujaitundika, na usiitundike panapopiga jua.