Mafuta ya langilangi yanataka chupa ndogo

Watu wengi huniuliza kwa nini mafuta ya langilangi au ya lavenda waliyoyatumia vizuri mwanzoni huanza kuwawasha baada ya miezi kadhaa, na chupa ni ileile. Mara nyingi shida ni hewa iliyoingia kwenye chupa.

Sehemu ya harufu ile tamu ya maua inatokana na linaloli, kemikali ya jamii ya terpeni inayotengenezwa na mimea yenyewe. Imo kwenye lavenda, langilangi, asumini na rehani, kwa hiyo kikuba, kile kishada cha maua na majani yanayonukia, cha bibi harusi wa Unguja au Lamu kinanukia linaloli. Ila kinara ni mbegu ya giligilani, ambayo Kenya wengi huiita dania: zaidi ya nusu ya mafuta yake ni linaloli. Chukua mbegu kavu chache, zivunje kwa kitako cha glasi, unuse papo hapo. Utasikia ua na ganda la chungwa kwa pamoja, harufu isiyofanana hata kidogo na ya majani yake. Mimi huzitwanga siku ileile ya kupika na kuzitia chakula kikikaribia kuiva, maana harufu hii hupotea upesi kwenye moto.

Turudi kwenye chupa. Linaloli mpya haiwasumbui watu wengi. Ikikaa na hewa, oksijeni huigeuza kuwa haidroperoksidi, na hizo ndizo zinazoamsha mzio: wekundu, muwasho, vipele. Mafuta yanaweza kuendelea kunukia vizuri, kwa hiyo usiitegemee pua ikuonye. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka jina “Linalool” liandikwe kwenye vipodozi inapozidi asilimia 0.001 kwa krimu na losheni zinazobaki mwilini, na asilimia 0.01 kwa sabuni na shampuu. Litafute nyuma ya pakiti kabla ya kulipa.

Nunua chupa ndogo ya kioo cha kahawia, hata kama kubwa ina nafuu ya bei. Andika juu yake tarehe uliyoifungua, funga kizibo mara tu unapomaliza, iweke friji au kabati lililo mbali na jiko. Ikipita mwaka, usipake tena. Itie kwenye maji ya kupigia deki.

Kwa kujipaka, mimi hutia matone 6 ndani ya vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya nazi, hiyo ni kama asilimia 1. Jaribu kwanza ndani ya mkono, usubiri siku mbili. Usiyanywe, wala usimpake mtoto mchanga.

Wengi husema harufu ya mafuta haya hutuliza wasiwasi. Je, yanatuliza kweli? Mwaka 2018 watafiti wa Kagoshima, Japani, walionyesha kuwa panya walionusa linaloli walipungua wasiwasi, na waliopoteza uwezo wa kunusa hawakupata athari hiyo. Panya si watu, lakini naona inatosha kunusa tu kabla ya kulala. Mbu nao huikwepa, ila kwa muda mfupi. Chandarua kibaki palepale.

Kama ngozi imeshaanza kuwasha, acha mara moja na umpelekee daktari wa ngozi chupa yenyewe. Mzio huu ukishaingia haupoi kwa kubadilisha aina ya mafuta, kwa sababu linaloli utaikuta pia kwenye sabuni, manukato na losheni zako nyingine.