Kunyoa Ugenini: Taja Milimita, Usitaje Namba

Mara ya kwanza kunyolewa ugenini, neno moja liliniponza. Nilikaa kitini, nikanyoosha vidole vitatu, nikasema tatu, maana namba 3 ndiyo niliyozoea tangu utotoni. Kinyozi akaitikia kwa kichwa, akapachika kitana cha mashine, kile kinachoamua urefu wa nywele zitakazobaki, akapitisha kutoka kwenye paji la uso hadi utosini. Fungu la nywele likaniangukia mapajani. Nilipotazama kioo, niliona ngozi ya kichwa.

Kumbe pale hawahesabu namba, wanahesabu milimita. Namba za vitana vya mashine zimetokana na inchi: kila namba ni moja ya nane ya inchi. Namba 1 ni kama milimita 3, namba 2 ni 6, namba 3 inakaribia 10, namba 4 ni kama 13. Kwa hiyo "tatu" yangu kwake ilikuwa milimita 3, yaani namba 1. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Nilivaa kofia wiki tatu nzima.

Tangu hapo naandika urefu kwenye karatasi, kwa milimita, nikionyesha na picha. Picha iwe yako mwenyewe, uliyopigwa siku umetoka kunyolewa vizuri: mbele, ubavuni na kisogoni. Picha ya mchezaji maarufu haisaidii sana, kwa sababu nywele zake si zako. Kama hujui lugha, jifunze walau "pembeni", "juu" na "inatosha". Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Na usione haya kuomba aanze na kitana kirefu. Kupunguza tena ni dakika mbili.

Wenye nywele za kipilipili tuna tahadhari ya ziada. Wako vinyozi wanaolowanisha nywele kwanza, kisha wanakata kwa mkasi. Nywele zetu zikilowa na kuchanwa huvutika, zikikauka hujikunja na kupanda juu, na hapo unakuta umebaki na nusu ya ulichotarajia. Mwombe akate zikiwa kavu. Bora zaidi, simama nje ya saluni kidogo uone wanaotoka wana nywele za aina gani. Mimi nimewahi kumsimamisha mtu njiani nikamuuliza ananyoa wapi. Alifurahi, akanisindikiza hadi mlangoni.

Kuhusu wembe sina mjadala: nataka kuuona ukifunguliwa mbele yangu. Wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B.

Kinyozi niliyeelekezwa na yule mtu wa njiani alisoma "10" kwenye karatasi yangu, akageuza kitana nione maandishi yake. Akapitisha mara moja tu kisogoni, akazima mashine, akashika kioo kidogo nyuma yangu na kusubiri. Nikamwambia aendelee.